Je, kurudia mtihani wa SAT humshushia mwombaji hadhi mbele ya maafisa wa udahili wa vyuo vya Marekani?

MwanaPCM, Moshi, ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita katika shule ya serikali, tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Ninaandaa maombi ya kusomea uhandisi Marekani, katika vyuo vinavyomgharamia mwanafunzi wa kigeni kwa kuangalia uwezo wa familia yake, kwa kuwa nyumbani kwetu ada ya aina ile hailipiki kwa namna yoyote. Nilifanya SAT, yaani ule mtihani wa Hisabati na Kiingereza unaotumiwa na vyuo vya Marekani katika udahili, ambao kila sehemu yake huishia 800, mwezi Juni, tulipomaliza kidato cha tano, nikapata 740 katika Hisabati na 560 katika Kusoma na Kuandika. Nikarudia mwezi Agosti: Kusoma na Kuandika ikapanda hadi 610, lakini Hisabati ikashuka hadi 710. Sasa mjomba wangu yupo tayari kunilipia mara ya tatu, na nafasi zilizobaki kabla ya maombi kufungwa ni za Oktoba, Novemba na Desemba.

Kinachoninyima usingizi ni namna maafisa wa udahili watakavyoyasoma haya yote. Nimeambiwa na wenzangu kwamba maafisa hao huona kila mara mtu alipoketi katika chumba cha mtihani, na kwamba anayefanya mara tatu huhesabiwa kuwa anabahatisha. Nimeambiwa pia kwamba kushuka kwa Hisabati kwa mtu anayeomba uhandisi ni dosari isiyofutika. Mmoja amenishauri nisipeleke alama kabisa katika vyuo visivyozilazimisha, kwa sababu 1320 ipo chini mno ya alama ambazo vyuo hivyo hutangaza, na mwingine anasema asiyepeleka alama hudhaniwa kuwa anaficha jambo. Naomba mwenye kujua anieleze afisa anaona nini hasa, na akishaona anafikiri nini.

Mwalimu mshauri, Arusha:

Marahaba mwanangu. Nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita katika maombi ya nje kwa miaka kadhaa, na swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Tuanze na kinachoonekana, kwa sababu sehemu kubwa ya hofu yako imejengwa juu ya jambo ambalo afisa wa udahili mara nyingi halioni kabisa.

Alama zako zinakaa College Board, taasisi inayouendesha mtihani huu, na haziendi chuoni mpaka wewe mwenyewe uzipeleke. Tangu mwaka 2009 mtahiniwa wa SAT ana haki ya kuchagua alama za tarehe ipi zipelekwe na za tarehe ipi zibaki. Vilevile Common App, fomu moja ya maombi ambayo hutumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, inapofika kwenye SAT haikuulizi umeufanya mtihani mara ngapi. Inakuuliza ni alama za mara ngapi unazotaka kuziripoti, kisha inataka alama yako ya juu katika kila sehemu pamoja na tarehe uliyoipata. Ukijaza hapo 740 ya Juni na 610 ya Agosti, hujamdanganya mtu, kwa kuwa ndivyo fomu yenyewe ilivyotaka. Vyuo vingi navyo huunganisha alama ya juu ya kila sehemu hata kama zilipatikana tarehe tofauti, kwa hiyo mbele ya vyuo hivyo wewe tayari ni mwombaji mwenye 1350.

Vipo vinavyokwenda kinyume na utaratibu huo. Georgetown, kwa mfano, kwa miaka mingi imemtaka mwombaji apeleke alama za kila tarehe bila kuchagua, ingawa hata wao husema kwamba katika kupima hutazama alama ya juu ya kila sehemu. Soma ukurasa wa udahili wa kila chuo unachokiomba, na chuo kikisema kinataka alama zote, peleka zote, kwa sababu hapo kinachopimwa kitakuwa uaminifu wako, na uaminifu ukishatiliwa shaka hakuna alama inayouokoa.

Kuhusu kushuka kwa Hisabati, nitasema wazi kwamba hakuna dosari yoyote hapo. SAT ya kidijitali, iliyoanza kutumika nje ya Marekani mwezi Machi 2023, ina maswali 44 tu ya Hisabati, yaliyogawanywa katika mafungu mawili, na ugumu wa fungu la pili hutegemea ulivyolijibu la kwanza. Katika mtihani mfupi kiasi hicho makosa machache tu yanaweza kumshusha mtu pointi 30, na College Board yenyewe, inapotoa ripoti ya matokeo, huonyesha kwamba alama ni makadirio ambayo yangeweza kuwa juu kidogo au chini kidogo mtu yule yule angeketi siku nyingine. Afisa mzoefu hasomi 740 na 710 kama habari za watu wawili.

Ninachoomba ukifikirie zaidi ni fedha na muda. Mwanafunzi wa nje hulipa ada ya mtihani pamoja na nyongeza ya kimataifa, jumla zaidi ya dola 100, na msamaha wa ada hutolewa kwa wanafunzi walioko Marekani na kwa raia wa Marekani walioko nje, kwa hiyo sisi hatumo. Ikiwa mazoezi unayofanya sasa nyumbani, kwa muda kamili na bila kusaidiwa, yanakupa 650 au zaidi katika Kusoma na Kuandika, basi rudia mwezi Oktoba au Novemba. Ikiwa bado unazunguka palepale kwenye 610, fedha ya mjomba itafaa zaidi katika mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vingi vitakudai, kama TOEFL au Duolingo.

Mhitimu, Massachusetts:

Habari mdogo wangu, na shikamoo mwalimu. Nilipokuwa mwanafunzi huku nilifanya kazi ya muda katika ofisi ya udahili ya chuo kimoja. Sikuwa mwamuzi, lakini nilikaa karibu vya kutosha kujua namna faili linavyosomwa, na ningependa kuongeza juu ya sehemu ya pili ya swali lako, yaani afisa anafikiri nini.

Faili moja husomwa kwa dakika chache, na mara nyingi msomaji wa kwanza ni afisa aliyekabidhiwa ukanda fulani wa dunia, ambaye amekwisha kuona maombi kutoka Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Akifika kwenye alama za SAT anatafuta jibu la swali moja: je, kijana huyu akiingia katika darasa la kalkulasi na la fizikia la mwaka wa kwanza, atasimama? Hisabati 740 kutoka shule ya serikali yenye tahasusi ya PCM inalijibu swali hilo vizuri. Katika Kusoma na Kuandika anajua, au inapasa ajulishwe, kwamba mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali Tanzania alisoma miaka saba kwa Kiswahili, na Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia alipoingia kidato cha kwanza. 610 ya mtu huyo haisomwi sawa na 610 ya mtoto wa shule ya kulipia ya Connecticut.

Sasa kuhusu kupeleka au kuficha. Baada ya mwaka 2020 vyuo vingi viliacha kulazimisha mtihani, na hapo ndipo mashauri mengi unayoyasikia yalipozaliwa. Lakini mambo yamebadilika. MIT ilirudisha sharti la mtihani mwezi Machi 2022, ikieleza kwamba bila alama ilikuwa vigumu zaidi kuwatambua vijana wenye uwezo ambao shule zao hazina masomo ya juu ya kuwawezesha kuuonyesha. Dartmouth ikafuata mwezi Februari 2024, kisha mwaka huo huo Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford zikatangaza kurudi kwa namna moja au nyingine. Jambo lililonigusa katika uamuzi wa Dartmouth ni kwamba ulitokana na utafiti wa wahadhiri wao wenyewe, ambao uligundua kuwa waombaji wengi kutoka mazingira ya kimaskini walizificha alama ambazo zingewasaidia, kwa kuwa walijilinganisha na wastani wa chuo kizima, huku afisa akiwalinganisha na shule na mahali walikotoka. Mdogo wangu, hao waliozificha ni watu kama wewe, na inauma kuona kijana anajiondolea mwenyewe ushahidi wake bora kwa sababu ya hofu.

Zile alama zinazotangazwa nazo zisikutishe kupita kiasi. Chuo kinapoandika kwamba alama za wanafunzi wake ni kati ya 1480 na 1560, maana yake ni kuwa robo ya waliopeleka alama wapo chini ya 1480. Tena, pale mtihani ulipokuwa wa hiari, wenye alama za chini walinyamaza, kwa hiyo namba hizo zilipanda bila wanafunzi wenyewe kuwa wamebadilika. Ningepeleka 740 na 610 katika karibu kila chuo kinachozipokea. Vyuo vya University of California havizitazami kabisa katika kuamua nani aingie, lakini misaada yao kwa wageni ni haba mno, na kwa hali uliyoeleza sidhani kama vinakufaa.

Kuna jambo moja ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko mara ya tatu ya SAT, nalo halitajwi sana. Katika mtihani wa kidato cha nne alama A huanzia 75, na katika kidato cha sita huanzia 80. Msomaji wa Marekani amezoea mahali ambapo 78 ni C. Kama ripoti zako za shule zina 76, 78 na 81, na hakuna aliyemweleza, anaweza kumwona mwanafunzi wa kawaida pale ambapo walimu wako wanamwona mwanafunzi wa kwanza darasani. Mwombe mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma aandike wasifu wa shule wa ukurasa mmoja: idadi ya wanafunzi, tahasusi zilizopo, kiwango cha kila daraja kwa mujibu wa Baraza la Mitihani, wangapi walipata daraja la kwanza mwaka uliopita, na wewe umekuwa wa ngapi. Karatasi hiyo itazifanya alama zako za SAT zisomeke kwa haki.

Tena, vipo vyuo vinavyoutambua mtihani wetu wa taifa wenyewe. Dartmouth iliporudisha sharti lake ilieleza kuwa mwombaji anayesoma nje ya Marekani anaweza kulitimiza kwa matokeo, au makadirio ya matokeo, ya IB au A-Level (mitihani ya kumaliza sekondari inayotumika katika nchi nyingi), au ya mtihani wa taifa unaolingana nayo. Waandikie barua pepe ukiuliza habari ya ACSEE, yaani mtihani wetu wa kidato cha sita. Wanajibu, na hakuna anayemhesabia mtu ubaya kwa kuuliza.

Mama wa Nakuru, Minneapolis:

Mwanangu, mimi ni mzazi Mkenya ninayeishi Minnesota, na nimeyapitia haya na binti yangu, ingawa kwa mazingira tofauti na yako. Yeye ana uoni hafifu, na alipewa muda wa nyongeza katika mtihani. Hofu yetu ilifanana na yako, tukidhani kwamba maafisa wangeona alama maalumu kando ya matokeo na kusema huyu alibebwa. Tuliuliza tukaelezwa kwamba tangu mwaka 2003 College Board haiweki tena alama yoyote ya kuonyesha kuwa mtahiniwa alipewa muda zaidi. Ninaliandika hili kwa sababu huenda kuna mtoto mwingine anayesoma hapa, mwenye tatizo la macho au la kusoma, ambaye anaogopa kuomba haki yake kwa kudhani kwamba itamharibia.

Vilevile wale walio na watoto huku wajue kwamba matokeo ya PSAT, mtihani wa kujipima kabla ya SAT, hayapelekwi vyuoni kwa ajili ya udahili, kwa hiyo mtoto aliyefanya vibaya mwaka wa kumi asilie. Na mtoto anayepata chakula cha bure shuleni kwa sababu ya kipato cha wazazi anastahili kuuliza habari ya msamaha wa ada ya SAT, unaomruhusu kufanya mtihani mara mbili bila malipo na kupeleka alama vyuoni bila kulipia. Wazazi wengi wa kwetu hawaambiwi, na hawaulizi kwa kuona haya.

Kwako wewe nina neno moja la mzazi. Afisa atakayelisoma faili lako anajua kwamba mwanafunzi wa Moshi hulipa kila mara anapofanya mtihani huu, na pengine husafiri kukifikia kituo. Kufanya mara mbili katika hali hiyo kunaonyesha kwamba unataka, wala hakuna aibu ndani yake.

Fundi wa Namba, Dodoma:

Ninatofautiana kidogo na waliotangulia, nao waniwie radhi. Ushauri wangu ni usifanye mara ya tatu, hata kama mazoezi yanakupa 650. Vyuo vinavyogharamia wanafunzi wa kigeni kikamilifu bila kuangalia uwezo wao wakati wa kuamua ni vichache mno, na hukataa waombaji wengi wenye alama kamili. Mtihani wako wa kidato cha sita ni mwezi Mei, na huo ndio utakaokuingiza uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kukusaidia kupata mkopo ikiwa Marekani itagoma. Kupandisha 40 katika SAT kwa kupoteza A ya Fizikia ni biashara ya hasara, na kama alivyosema mhitimu hapo juu, matokeo ya shule nayo yamo ndani ya faili.

Kwa wadogo wanaosoma hapa wakiwa bado kidato cha nne: kati ya Novemba mnapomaliza mtihani na Julai mnapoingia kidato cha tano mna miezi mitupu, na SAT hutolewa Machi, Mei na Juni. Huo ndio wakati wa kuufanya, hisabati ya kawaida ikiwa bado mbichi kichwani. Anayesubiri mpaka amalize kidato cha sita anakutana na mwito wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na mipango yote inaparaganyika.

MwanaPCM, Moshi:

Ninawashukuru sana wote, na nimeyasoma maneno yenu zaidi ya mara moja. Jana nilifanya jaribio zima kwa muda kamili katika Bluebook, programu inayotumika kufanyia SAT ya kidijitali, nikapata 630 katika Kusoma na Kuandika, kwa hiyo nipo katikati ya kipimo cha mwalimu. Nimeanza kuzungumza na mwalimu wa taaluma kuhusu wasifu wa shule. Amesema hajawahi kuuandika lakini yupo tayari. Nina maswali mawili yaliyobaki. Nikiamua kufanya tena, je, nitumie zile nafasi nne za kupeleka alama vyuoni bure anazopewa kila anayejisajili? Na je, katika maombi nieleze kwa nini Hisabati ilishuka?

Mwalimu mshauri, Arusha:

Nafasi nne za bure, mwanangu, hufungwa siku tisa baada ya mtihani, na wakati huo matokeo bado hayajatoka. Maana yake unapeleka alama usiyoiona. Zitumie tu kwa chuo kinachodai alama za tarehe zote, kwa sababu huko zingekwenda kwa vyovyote. Kwa vingine subiri uone, kisha uangalie kama chuo kinakubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu na kuzithibitisha ukishapokelewa. Vyuo vingi vinakubali, na hapo hulipi kitu sasa.

Kuhusu kueleza kushuka kwa Hisabati, usieleze. Unayemwelezea atajiuliza kuna nini, wakati mwenyewe hakuwa amekiona. Lile eneo la maelezo ya ziada litumie kwa mambo ambayo faili haliwezi kuyasema lenyewe: kwamba ulisoma msingi kwa Kiswahili, kwamba shule haina mshauri wa vyuo, na kama maabara yenu ina upungufu, sema ina upungufu gani. Sentensi nne au tano zinatosha, zisizolalamika.

Ndugu yangu wa Dodoma amesema kweli kuhusu mwezi Mei, na mimi nimelegeza msimamo wangu kidogo baada ya kumsoma. Kwa 630 ya mazoezi, ningekuruhusu Oktoba peke yake kama usajili bado upo wazi na kituo kipo karibu. Novemba na Desemba ningeziacha kwa ajili ya Fizikia na Kemia. Weka hapa orodha ya vyuo ulivyovichagua, tuangalie masharti ya kimoja kimoja kabla hujamwomba mjomba alipe.